Wafu wa Kusini Hawahesabiwi

Mchezo wenyewe unaitwa War of the Ring, na ukiutandaza unameza meza nzima ya chakula. Ubao ni ramani ya Middle-earth, ile dunia aliyoibuni J. R. R. Tolkien. Juu yake unapanga sanamu ndogo za plastiki zaidi ya 200, za buluu upande mmoja, nyekundu upande wa pili. Waitaliano watatu, Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello, waliutoa mwaka 2004. Huchukua saa tatu hivi, kama hakuna anayebishana kuhusu sheria. Sisi hubishana, kwa hivyo weka nne.

Kwanza nitausifu, maana unastahili. Halafu nina neno nao.

Pande mbili hazilingani, na hapo ndipo utamu ulipo. Mchezaji wa Kivuli anaanza na dadu 7. Mwenzake wa Watu Huru ana 4 tu. Kivuli kikiteka miji na ngome za kutosha pointi 10, kimeshinda. Ukijaribu kupambana nacho kwa mabavu, utalia. Njia ya mnyonge ni nyingine: kuipitisha Pete kimyakimya hadi Mlima wa Maangamizi kabla uovu wake haujakutafuna ukafika pointi 12. Sasa kila dadu unayotumia kuwasogeza wabeba Pete ni dadu ambayo hukuipeleka kuokoa mji. Karata nazo ni vivyo hivyo. Kila moja ina matumizi mawili, tukio na mbinu ya vita, na ukiitumia huku umeikosa kule. Hakuna zamu inayopita bila kujuta kidogo.

Lakini sheria iliyonishika zaidi ni ya wafu. Askari wa Watu Huru akiuawa, sanamu yake inatoka mchezoni na hairudi tena. Wa Kivuli akiuawa, anarudi kwenye akiba, na anaweza kuandikishwa upya hata zamu ijayo. Basi. Mistari michache tu katika kijitabu cha sheria, na tayari unahisi maana ya kuwa wachache. Nimeshika Watu Huru mara nyingi na najua uchungu wa kuiangalia buluu ikipungua ubaoni.

Jumapili moja shemeji yangu akataka Watu Huru, nikabaki na Kivuli. Nikaleta jeshi kutoka chini kabisa ya ramani, Far Harad, watu wa Kusini wanaopigana juu ya tembo. Dadu zikanikataa. Nikapoteza wanne mara moja, nikawarudisha kwenye akiba mkono mmoja, mwingine ukichota karanga. Shemeji akaniangalia.

"Kwani hao wako hawana mama?"

Alikuwa ananichokoza tu. Tukacheka, tukaendelea. Lakini usiku nilirudi kwenye kijitabu cha sheria.

Karibu nchi zote za Watu Huru zinaanza mchezo zikiwa zimelala. Hazitaki vita. Lazima zishambuliwe, au mmoja wa wasafiri afike kuziamsha, ndipo ziweze kuingia vitani. Kwa maneno mengine, sheria inawapa hiari: wanaweza kusita, wanahitaji kushawishiwa. Nchi za Kivuli, watu wa Kusini na Mashariki wakiwemo, ziko macho tangu mwanzo. Hakuna anayetumwa kwao, hakuna anayewasihi. Mchezaji anatumia dadu yake, anawasogeza, wanaenda.

Mtu ataniambia, "Si ni hadithi tu, jameni?" Sawa, twende kwenye hadithi. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na mwaka 1916 alikuwa askari kwenye mapigano ya Somme. Kitabu chake hakiwapi watu wa Kusini heshima nyingi. Baadhi yao anawaeleza kuwa weusi, na si kwa kuwasifu. Hata hivyo, katika The Two Towers, Sam anamwona mmoja wao akianguka amekufa karibu naye, na kwa muda mfupi hadithi inasimama. Sam anawaza jina la yule mtu, alikotoka, na kama kweli alikuwa mbaya au alidanganywa na kutishwa mpaka akaiacha nyumba yake. Ni aya moja tu katika kitabu kinene. Lakini ipo. Kwenye ubao haipo, na haiwezi kuwepo, kwa sababu yule maiti yuko kwenye akiba anangoja kuitwa tena.

Sisi tunaosoma haya Nairobi tuna mtaa unaoitwa Kariakor. Dar es Salaam wana Kariakoo. Majina hayo yametoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita visivyo vyao, na wengi wakafa, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Waliokufa hawakuandikwa vizuri. Mpagazi akianguka, mwingine alitafutwa. Sheria ya akiba si ngeni kwetu.

Tulijaribu kuirekebisha. Jumapili iliyofuata tukakubaliana: mtu wa Kusini akifa, amekufa, kama wenzake wa buluu. Safari hii Kivuli kikashikwa na shemeji. Alianza kuwaza kabla ya kila shambulio. Akawarudisha tembo nyuma ya mstari. Akaahirisha vita viwili ambavyo siku nyingine angevianzisha bila kupepesa jicho. Wakati anahesabu watu wake, Pete ikapita, ikatupwa motoni, na mchezo ukaisha mapema.

"Hii sheria yako imeharibu mchezo," akasema.

Ni kweli, uliharibika. Mizani yote niliyokuwa nikiisifu imesimama juu ya watu wanaoweza kufa bila hasara. Jumapili hii tunacheza tena, kwa sheria za kwenye kijitabu, kwa sababu mchezo ni mtamu na mimi ni dhaifu. Ila nimeacha kula karanga nikiwarudisha.