Lugha Mbili za Amri: Kuchukua Barua-pepe kwa Saa

Wanaisimu tumezoea kuhakiki mashairi na riwaya. Hapa twakusudia kuhakiki matini mbili fupi, ambazo huiamuru kompyuta ya Linux ichukue barua-pepe kwa wakati uliopangwa, mwenyewe asiwepo.

Matini ya kwanza ni faili ya fetchmail, programu aliyoiendeleza Eric S. Raymond kuanzia mwaka 1996. Humo mtumiaji hutaja seva, jina lake na neno lake la siri. Akiongeza "set daemon 300", barua hutafutwa kila sekunde 300. Mtunzi ameruhusu pia maneno "and", "with", "has" na "wants", ambayo programu huyasoma na kuyapuuza. Kazi yao ni kuifananisha amri na sentensi ya Kiingereza. Pambo hilo lamfaa ajuaye Kiingereza. Mwanafunzi wetu aweza kuyakariri akidhani yana maana.

Matini ya pili ni mstari wa cron, programu ya ratiba iliyokuwamo katika toleo la 7 la Unix, mwaka 1979:

0 6 * * 1 fetchmail

Sehemu tano za mwanzo ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya juma. Nyota maana yake ni "kila". Hapa hamna pambo, wala hapana taifa linalopendelewa. Kwa sababu hiyo twaiona kuwa matini bora.

Hata hivyo, tarakimu nazo zadai tafsiri. Ile 6 si saa sita, bali ni saa kumi na mbili asubuhi, kwani cron huanza kuhesabu usiku wa manane, na Kiswahili sanifu huanza macheo. Ile 1 ni Jumatatu, jina lenye "tatu" ndani yake. Lakini wasemaji wengi wa mashariki ya Kongo, waiitao siku ya kwanza, wamepatana na kompyuta pasipo kushauriana.

Kosa hapa si dogo. Mwenye kutaka barua zake saa kumi na mbili asubuhi, akiandika 12, atazipata adhuhuri, pengine muda wa kujibu umekwisha. Cron haitamwonya: sarufi ni sahihi, maana ndiyo iliyopotoka.

Basi atakayetunga mwongozo wa Kiswahili asitosheke na kutafsiri maneno. Hana budi kutafsiri na saa.