Heko, fundi wa difu

Fundi wa injini husifiwa na kila mtu. Leo naomba heko zimwendee fundi wa difu, yule anayelala chini ya Land Cruiser za kupeleka watalii Serengeti, pale Arusha, mikono imeloa oili nzito yenye harufu kali.

Kazi yake huanza na hesabu. Anapiga jeki mpaka magurudumu yote mawili ya nyuma yakae hewani, gia ikiwa huru, kisha anachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Gurudumu moja linazuiwa. La pili analizungusha mizunguko miwili kamili huku jicho likiwa kwenye propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, anajua yuko karibu na uwiano wa 4.1. Akitaka uhakika anafungua difu na kuhesabu meno: krauni 41, pinioni 10.

Mwenye gari akifunga matairi makubwa, gari hulemewa mlimani, na dawa ni difu yenye uwiano mkubwa zaidi. Fundi wa kweli hakubali kubadilisha ya nyuma peke yake. Difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana uwiano, ukiingiza 4WD kwenye lami kavu zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Akishafunga krauni na pinioni mpya, anapaka rangi meno ya krauni, anazungusha, anatazama alama za meno yanapogusana, anafungua tena aongeze shimu nyembamba kama karatasi. Nimemwona mmoja akirudia hivyo mara tano, jua linazama, bila kunung'unika.

Ukimpata wa namna hiyo, mlipe haki yake, wala usimharakishe.