Bildi Mlangoni mwa Pango

Anayeteremka kutoka Vugiri, ukingoni mwa Usambara Magharibi, akafika Korogwe, kisha akashika njia ya Muheza hadi Tanga, huhama kutoka mwamba mmoja hadi mwingine bila ya kujua. Mwamba wa Vugiri ni naisi, jiwe la kale mno lililopikwa na joto la ardhi likawa gumu. Maji yakiufikia hayana pa kuzama. Huteleza juu yake, yakaanguka magengeni mchana kweupe na kuelekea bondeni, kwenye mito iendayo Pangani. Mwamba wa Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, ni chokaa ya zama za Jurasi, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150, nao huliwa na maji. Mvua hupita katika udongo, ikachukua ukali kidogo, ikaingia katika ufa. Ufa hupanuka ukawa njia, na njia ikawa ukumbi. Ni vyema kuanza na tofauti hii ya mawe, kwa kuwa hadithi mashuhuri kuliko zote za pwani ile kuhusu chini ya ardhi inaivuka bila ya kuiona.

Hadithi yenyewe inajulikana. Wazungu wawili waliingia pangoni Amboni pamoja na mbwa wao, wasionekane tena. Baada ya muda mrefu mbwa akaibuka peke yake katika tundu jingine, mbali sana, upande wa Kilimanjaro. Wapo wasemao kwamba njia nyingine ya pango hilo hutokea Mombasa. Kisanaa hii ni kazi iliyotimia. Wasimulizi wake wamejua kunyamaza: mbwa hasemi alichokiona, na wenye ndimi hawarudi. Msikilizaji hukabidhiwa shahidi asiyeweza kuulizwa. Ni hadithi chache za kale zilizofunga mlango wa maswali kwa njia nyepesi na ya kikatili kiasi hicho.

Mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliingia Amboni na vifaa vyao. Walichunguza mapango 10, na refu kuliko yote lilikuwa na urefu wa mita 900. Kutoka Tanga hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 130. Hadi Kilimanjaro ni karibu kilomita 300, na katikati imesimama milima ya Usambara, ile ambayo Vugiri ni ukingo wake mmoja, yenye jiwe lisilokubali kuchimbwa na maji. Mbwa yule, kama alikuwapo, alitoka mlango aliouingilia.

Hapa ndipo uhakiki unapotakiwa kuwa mwangalifu, kwani kuna njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kusema kwamba ramani imeiua hadithi. Haikuiua. Aliyeingia Amboni na ubani kuomba kwenye mzimu hakuja kuuliza urefu wa pango, na wala hakuondoka na jibu pungufu kwa sababu ya mita 900. Ya pili, ambayo imeenea zaidi, ni kuchanganya lugha mbili zisizooana: kusimulia habari ya mbwa kisha kuitilia nguvu kwa kilomita. Msimulizi wa zamani alisema "mbali", na neno hilo halikuwa na mwisho. Msimulizi wa leo anayewapokea wageni husema kilomita kadhaa hadi Mombasa, kadhaa hadi Kilimanjaro, na papo hapo hadithi inakuwa madai, na madai huombwa ushahidi. Ameazima tarakimu za mpimaji bila ya kuazima kamba yake. Kilichoharibika hapo ni usimulizi, na aliyeuharibu si yule mwenye dira na tepu.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha ya Kiswahili haikuwa na haja ya kuazima. Watu wa pwani wamepima kina tangu walipoanza kusafiri. Baharia ana bildi, risasi iliyofungwa ugwe, anayoitupa na kuita idadi ya pima. Mwashi ana timazi, imwambiayo kama ukuta umesimama wima. Nahodha ana dira. Mwenye bildi, timazi na dira ana sehemu kubwa ya vifaa vya anayeteremka katika shimo la wima linaloingiza mto: ugwe wa kujua umbali, uzito wa kujua wima, sindano ya kujua upande. Mpimaji wa mapango huenda kutoka kituo hadi kituo, akisoma urefu, upande na mwinamo wa kila kipande, na vipande hivyo akiviunga ndipo ramani hutoka. Mpenzi wa mashairi hatauona utaratibu huo kuwa mgeni. Yeye pia ana mizani, ana vituo, na neno lake la urari wa sauti, kina, ndilo lile lile la umbali kutoka uso wa maji hadi chini. Hata hivyo, katika tungo nyingi zichapishwazo, mshairi huiacha bildi pwani. Akifika kwenye mlango wa pango anakuwa na maneno matatu tu: giza, kaburi, kuzimu. Bahari yake ina mikondo, miamba, kasi na kusi, lakini pango lake halina hata sakafu.

Kosa hili lina historia. Mojawapo ya mapango ya mwanzo kusomwa na vijana wengi shuleni ni lile la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard, iliyotolewa mwaka 1929. Mle ndani mna mto wa chini ya ardhi. Mashujaa, wakiwa wamefungiwa katika chumba cha hazina, wanapata njia ya kushuka, wanapapasa gizani, wanausikia mto kabla ya kuuona, na mmoja wao anatumbukia. Kipande hiki ni bora kuliko almasi zote zilizokitangulia, kwa sababu kwa muda mfupi mwandishi analazimika kusema habari za maji, jiwe na sikio. Lakini riwaya haina subira nacho. Mto unatumika kuwatia hofu wazungu watatu, kisha unaachwa utiririke kusikojulikana. Na neno mashimo, lililochaguliwa liwe jina la kitabu, limefuta kazi: shimo laweza kuwa la fuko au la mvua, ilhali machimbo yana wachimbaji. Kizazi kizima kilijifunza kwamba chini ya ardhi ya Afrika ni mahali pa kuokotwa vitu na wapitao.

Visiwani, jibu lilikuja mwaka 1960. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, aliuweka mzimu katikati ya habari ya mauaji, kisha akampeleka Bwana Msa auangalie kwa macho makavu. Mara nyingi hukumbukwa kiko chake na majigambo yake, na husahauliwa kwamba ana adabu ya mpimaji. Hawatukani waaminio, wala haingii kuuvunja mzimu. Anakataa tu kuupa mzimu hatia ambayo haijathibitishwa juu yake. Baada ya kitabu hicho mwandishi wa Kiswahili hakuwa tena na udhuru wa kusema kwamba mahali pa mizimu hapachunguziki, wala kwamba kupachunguza ni kupanajisi. Udhaifu wa riwaya ni kwamba fumbo likishafumbuliwa mahali penyewe hupungua; msomaji hukumbuka hoja akasahau miti na mawe.

Ng'ambo, uandishi wa kuteremka ulichukua sura nyingine. Mfaransa Édouard-Alfred Martel aliteremka katika shimo la Padirac mwaka 1889, akaukuta mto chini yake, na mwaka 1895 akaingia Gaping Gill kule Yorkshire, ambako kijito kizima huanguka wima karibu mita 100, yaani pima zipatazo 55, huku yeye akining'inia kwenye ngazi ya kamba na kuzungumza na walio juu kwa simu. Kitabu chake Les Abîmes cha mwaka 1894 kiliweka michoro na vipimo kando ya masimulizi, na vipimo havikuyapoza. Anayejua kwamba kamba ina pima 55 huogopa mahali maalumu, na hofu ya mahali maalumu ni chakula cha fasihi kuliko hofu ya jumla.

Kwa wapenda nathari ya kale, yupo pia Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy na Habari za Wakilindi, iliyoanza kuchapishwa Magila mwaka 1895. Safari ya Mbegha kutoka Nguu hadi Vuga ni ya mwindaji, inafuata mbwa na nguruwe. Yeye pia ni mtu aliyetoweka kwao akaibuka milimani na mbwa wake, ila Abdallah anamrudisha na ulimi wake, na kila kituo cha njia kina jina na watu waliompokea. Hadithi ya Amboni imekata vituo vyote hivyo ikabakisha milango miwili.

Katika milango hiyo miwili mnaingia shairi ambalo bado halijaandikwa, na Unguja na Pemba, ambako baadhi ya vijito hupotea katika mawe ya matumbawe na maji matamu hukutwa mapangoni, zina watu wa kulitunga. Msomaji atataka kujua maji yanasikika kutoka wapi, kamba imebaki pima ngapi, na nani aliyeishika kule juu.