Mkwaju Kati ya Majina Mawili

"James T. Kirk/Spock" ni hadithi moja, "James T. Kirk & Spock" ni nyingine kabisa. Watu ni walewale, nahodha wa chombo cha anga na ofisa wake wa sayansi katika tamthilia ya Star Trek. Lakini ukiona mkwaju katikati, ujue wamependana. Ukiona alama ya "na", ujue ni marafiki, watu wa kufa na kuzikana, bila mahaba. Msomaji hajafungua hata ukurasa wa kwanza na tayari ameambiwa jambo ambalo mwandishi wa riwaya ya kawaida angelificha mpaka katikati ya kitabu. Mimi hupenda kuzisoma polepole lebo za hadithi za mashabiki, zile wanazoziandika wenyewe juu ya wahusika wanaowapenda, wakati mwingine kwa hamu kuliko hadithi zenyewe, na kila nikizisoma naona ufundi kamili, wenye kanuni zake na mafundi wake.

Mkwaju huo una umri mkubwa kuliko intaneti tunayoijua. Mashabiki wa Star Trek walianza na vijarida vya kuchapa wenyewe. Spockanalia kilitoka mwaka 1967, tamthilia ikiwa bado hewani. Mwaka 1974 kijarida kiitwacho Grup kilitoa kisa kifupi cha Diane Marchant, shabiki wa Australia, kilichosema kwa mafumbo yale ambayo wengi walikuwa wakiyanong'ona juu ya Kirk na Spock. Baada ya hapo zikazoeleka herufi mbili na mkwaju kati yake: K/S. Vijarida vingi viliagizwa kwa posta. Mnunuzi hakuwa na nafasi ya kupekua kurasa kabla ya kutoa fedha yake, kwa hiyo alama ndogo kwenye tangazo ilibeba mzigo wote. Ikaubeba vizuri kiasi kwamba hadithi za mapenzi ya wanaume kwa wanaume zikachukua jina la alama hiyo katika Kiingereza, na mpaka leo zinaitwa hivyo.

Sasa tazama lebo nne ambazo hukutwa pamoja mara nyingi: maadui hadi wapenzi; mapenzi ya polepole; kitanda kilikuwa kimoja tu; simanzi yenye mwisho mwema. Mtu wa haraka atasema mwandishi ameimwaga hadithi yote mlangoni. Hajaimwaga. Ya kwanza inataja tunakotoka na tunakokwenda. Ya pili inataja mwendo: usitarajie busu mapema, na ukifika sura ya kumi na mbili vidole ndiyo kwanza vinagusana, usilalamike, uliambiwa. Ya tatu ni tukio ambalo msomaji ameshalisoma mara nyingi na bado analitaka tena: safari, mvua, nyumba ya wageni, chumba kimebaki kimoja. Ya nne ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, maana inakiri kwamba ndani mtu atalia, kisha inatoa ahadi. Kilichobaki kufichwa ni namna: nani atatangulia kusema, atasema nini, na mwenzake atakaa kimya kwa muda gani kabla ya kujibu. Watoto wanaoomba bibi arudie ngano ileile wanaujua utamu huu.

Kuna pia "maumivu/faraja", ambapo mmoja anaumia na mwingine anamuuguza, na dada yake mkali, "maumivu bila faraja". Kuna "utamu wa kuozesha meno", hadithi ambayo hakuna baya litakalomfika mtu yeyote. Anayebandika lebo hiyo amejifunga: hawezi kumuua mama wa mhusika katika sura ya tatu ili kuchangamsha mambo. Kubandika lebo ya kweli ni sehemu ya kuandika.

Zamani lebo za mahaba zilikuwa chache na za kienyeji. Mashabiki wa katuni za Kijapani waliita hadithi ya ngono iliyo wazi "limau", kutokana na mfululizo wa Cream Lemon ulioanza mwaka 1984; iliyoishia kwenye kumbatio na shuka ikawa "ndimu". FanFiction.net, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipopiga marufuku hadithi za watu wazima mwaka 2002, waandishi wengi walihama na misamiati yao.

Lebo zilipata makao bora kwenye tovuti ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2009 na shirika la mashabiki wenyewe, na iliyotunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019. Hapo mahaba hupimwa kwa vipimo kadhaa visivyochanganywa. Kuna kiwango cha uwazi, kuanzia kwa watu wote hadi ngono iliyoelezwa bila pazia. Kuna aina ya uhusiano. Halafu kuna maonyo, yakiwemo ukatili ulioelezwa kwa kina, kifo cha mhusika mkuu na ubakaji. Hadithi isiyo na neno la aibu inaweza kubeba onyo la kifo. Hadithi ya ngono tupu inaweza isiwe na onyo hata moja. Katika simulizi zetu za WhatsApp na Facebook, mara nyingi alama ni moja tu, 18+. Inamzuia mtoto, lakini haimwambii mtu mzima kama ndani kuna mahaba, kipigo, au vyote viwili. Tunastahili zaidi ya hapo.

Onyo moja la Archive lina hekima ya pekee: mwandishi amechagua kutotumia maonyo. Halisemi kwamba ndani ni salama, wala kwamba ni hatari. Linasema hujaahidiwa kitu, ingia ukipenda. Aliyetaka kulinda siri ya kisa chake ameilinda bila kumdanganya mtu.

Nyuma ya hayo yote kuna wapanga lebo, watu wa kujitolea, mamia yao, wasiolipwa. Mwandishi mmoja ameandika "Spirk", wa pili "K/S", wa tatu "Spock/Kirk". Mpanga lebo huchagua umbo moja rasmi, majina kamili yakifuata alfabeti ya majina ya ukoo, "James T. Kirk/Spock", kisha anayaunganisha mengine nalo kwa ndani. Atafutaye lolote kati ya hayo anazipata hadithi zote. "Maumivu/faraja ya moyoni" huwekwa chini ya "maumivu/faraja", ili anayetafuta mama ampate na mwana. Lakini "maumivu bila faraja" haiunganishwi na ile yenye faraja, hata kama maneno yanafanana, kwa sababu msomaji wa moja haitafuti nyingine.

Na katika kazi yote hiyo, maneno aliyoyaandika mwandishi hayaguswi. Yanabaki chini ya jina la hadithi kama alivyoyaweka. Kikomo ni lebo 75 kwa hadithi moja, na wapo wanaozitumia kujieleza tu: kwamba hii ni mara yao ya kwanza, kwamba wameandika usiku kucha, kwamba wawili hawa wanahitaji kulala. Lebo za namna hiyo hazina kundi la kuunganishwa nalo. Mpanga lebo anazisoma, anaziacha, anakwenda kwenye inayofuata.