Gia Ikigoma, Bwati Ishushwe Mwisho

Dereva wa basi dogo anayegomewa na gia katikati ya Lubumbashi mara nyingi hafungui hata boneti. Huzima injini, hutia gia ya kwanza bila taabu, kisha hupiga stata gari ikiwa ndani ya gia. Basi huruka mara mbili tatu, likashika mwendo. Ni mbinu inayotesa stata na betri, na katika msongamano ni ya hatari. Lakini bila kukusudia, dereva huyo ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi.

Gia ikiingia injini imezimwa na kukataa injini ikiwaka, basi meno, uma na nyaya za gia kwa kawaida ni vizima. Kilichoshindwa ni klachi, au ambreyaji kama waitavyo wenyeji wa komuni za Katuba na Kenya mjini hapa. Pedali imekanyagwa hadi chini, ila sahani ya klachi bado inaburutwa na flaiwili. Shafti inayoingia kwenye bwati, yaani sanduku la gia, haisimami, na meno yanayozunguka hayakubali kukutana na yaliyotulia.

Hata hivyo bwati hushushwa. Kazi ya siku nzima, mgongo wa fundi chini ya gari, fedha ya mwenye basi, na wakati mwingine kosa lilikuwa kwenye kikopo cha mafuta ya klachi ambacho hakuna aliyekitazama.

Klachi ya basi dogo la Hiace, kama ya gari nyingi za Toyota, husukumwa kwa mafuta ya breki: pampu ya juu karibu na pedali, pampu ya chini pembeni mwa bwati. Jaribio lake halihitaji hata spana. Pedali ikipigwapigwa haraka mara kadhaa na gia ikakubali, kuna hewa kwenye mfumo, au mpira wa pampu umechoka na unapitisha mafuta. Pedali inayozama polepole chini ya mguu inasema hivyohivyo. Msaidizi akikanyaga, fundi hutazama uma wa klachi pale chini: katika gari nyingi ncha ya pampu husogea sentimita moja na zaidi kidogo. Ikisogea milimita chache tu, bwati iachwe ilipo, hewa itolewe, mipira ibadilishwe. Aliyeongeza mafuta ya injini kwenye kikopo hicho kwa kukosa ya breki amejitafutia gharama, maana mipira hiyo huvimba ikiguswa na mafuta ya aina hiyo.

Kuna shaka nyingine inayouhusu mji huu. Zambia huendesha kushoto na Kongo kulia, na magari ya usukani wa kulia huingia kupitia Kasumbalesa. Gari iliyohamishwa usukani huhama na pedali zake, pamoja na bomba la klachi. Bomba lililopindwa vibaya au lenye kona ya juu hutega hewa, na hapo klachi itatolewa hewa leo na kulegea tena baada ya muda mfupi. Fundi makini hulifuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

Pampu zikiwa nzima, ndipo lawama huingia ndani: sahani iliyopinda, beringi ndogo ya kwenye flaiwili iliyokwama, au, kwa gari iliyolala nje msimu wote wa mvua, sahani iliyogandana na flaiwili kwa kutu. Hapo kushusha bwati hakuepukiki.

Gia ikikataa hata injini ikiwa imezimwa, mkondo ni mwingine kabisa. Katika Hiace ya kizazi kilichotoka mwaka 2004, mkono wa gia uko kwenye dashibodi na huvuta nyaya mbili. Bushi ya plastiki ikivunjika au vumbi likikaza waya, mkono husogea na bwati isijue. Waya huchomolewa, kijiti cha bwati husukumwa kwa mkono. Kikisogea vizuri, bwati haina hatia.

Ikibaki gia moja tu inayosaga, tuseme ya pili, anayetuhumiwa ni sinkro, kifaa cha kusawazisha kasi ya meno kabla hayajakutana, kilichoingizwa kwenye magari na Cadillac mwaka 1928. Pete zake mara nyingi ni za shaba iliyochanganywa na zinki, na hapa watu wa Katanga, eneo la shaba, wana sababu ya kusikiliza: baadhi ya mafuta ya daraja la GL-5, yaliyotengenezwa kwa ajili ya difu, yana salfa inayoweza kuila shaba. Ndiyo maana bwati nyingi za namna hii huandikiwa GL-4. Kabla ya kununua pete, mafuta ya zamani humwagwa kwenye karai safi na kutazamwa juani: chembe za rangi ya dhahabu ni pete inayoisha, vipande vya chuma ni meno.