Njaa ya Mwana Mpotevu

Vitabu vinavyoeleza jinsi Biblia inavyosomwa na watu wa tamaduni mbalimbali hupenda kurudia habari moja. Ilitoka katika kitabu cha mwalimu wa Agano Jipya wa Marekani, Mark Allan Powell, kiitwacho What Do They Hear?, kilichochapishwa mwaka 2007. Powell aliwapa watu mfano wa mwana mpotevu, ulio katika Injili ya Luka sura ya 15, akawaambia wausome, wafunge kitabu, kisha wausimulie kwa kichwa. Wamarekani 100 walifanya hivyo. Wote walikumbuka kwamba kijana alitapanya mali yake, lakini 6 tu ndio waliotaja kwamba iliingia njaa katika nchi ile. Alipofanya jaribio hilo kwa watu 50 huko St. Petersburg, Urusi, 42 kati yao waliitaja njaa. Baadaye aliwauliza wanafunzi wa seminari hapa Tanzania kwa nini kijana yule alifikia hali ya kutamani chakula cha nguruwe. Walio wengi hawakusema kwamba ni kwa sababu ya utapanyaji, wala kwamba ni kwa sababu ya njaa ya nchi. Walisema ni kwa sababu hakuna mtu aliyempa chakula.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kwamba majibu yote matatu yamo katika maandiko. Utapanyaji uko katika aya ya 13, njaa katika aya ya 14, na kutopewa kitu katika aya ya 16. Hakuna aliyezua. Kila kundi lilishika aya moja na kuziachilia mbili zipite kama upepo. Powell anastahili sifa kwa kulionyesha jambo hili kwa njia nyepesi namna hii, kwa maana tangu hapo ni vigumu kwa mtu yeyote, awe profesa au katekista, kujidai kwamba yeye husoma Biblia yote bila kuchagua.

Lakini nina ugomvi na namna habari hii inavyofafanuliwa, na hasa inavyosimuliwa na wale waliomfuata Powell. Tazama jinsi kila kundi linavyopewa sababu yake. Warusi walikumbuka njaa, twaambiwa, kwa sababu mji wao, ulipokuwa ukiitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na mamia ya maelfu ya watu wakafa kwa njaa. Hiyo ni historia: ina miaka, ina adui, ina makaburi. Wakija kwa Watanzania, maelezo hugeuka. Sisi tulijibu vile kwa sababu ya ukarimu wa Kiafrika, kwa sababu jamii zetu huthamini udugu, kwa sababu mgeni kwetu ni baraka. Kwa ufupi, Mrusi hupewa historia, Mtanzania hupewa mila.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu mwenye historia ametendewa jambo na mwingine, naye ana kisa cha kusimulia na pengine deni la kudai. Mtu mwenye mila tu ni kama mti. Amekuwa hivyo tangu zamani na ataendelea kuwa hivyo. Wala wanafunzi wale hawakujibu kwa mila. Kwa maelezo ya Powell mwenyewe, walisema kwamba kijana alikuwa mgeni katika nchi ya mbali, mgeni hajui taratibu za mahali, na Biblia inaamuru mgeni atunzwe. Hayo ni maneno ya watu waliosoma Torati na manabii, wakaifafanua Injili kwa maandiko mengine, kama wanavyofundishwa wafafanuzi wa Biblia popote duniani. Walitoa hoja, wasimuliaji wakaigeuza kuwa desturi.

Kabla sijafika Songea, niseme neno juu ya lugha. Kiingereza kina neno moja la njaa inayoipiga nchi na neno jingine la njaa inayouma tumbo. Kijerumani kadhalika. Kiswahili hutumia neno moja kwa yote mawili. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huikuta njaa katika aya ya 14, ikiingia nchi nzima, na huikuta tena katika aya ya 17, kijana anaposema moyoni kwamba anakaribia kufa. Ni neno lile lile. Kwa hiyo kwetu si rahisi kutenga dhiki ya kijana na dhiki ya nchi, ukaifanya moja kuwa adhabu ya dhambi zake na nyingine kuwa hali ya hewa. Watafsiri hawakukusudia fundisho hilo. Lugha yenyewe imelileta.

Sasa tuje Songea. Mtu anayesoma mfano huu hapa anasoma katika nchi iliyopata kuteketezwa kwa makusudi. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimefika Ungoni. Dawa ya maji ililetwa huku na mjumbe aliyeitwa Kinjala, akitokea upande wa Ungindo. Mwezi Septemba misheni ya Wabenediktini ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji 67 mjini Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alinyongwa baada yao.

Kamba, hata hivyo, haikuua wengi kama njaa. Wajerumani walipoona kwamba vita vya kuviziana haviishi, walichoma vijiji, wakateka mifugo, wakaharibu mashamba na vihenge. Mkuu wao wa kijeshi huku Ungoni, Kapteni Richter, hakuficha nia yake. Maneno yake yamehifadhiwa na wanahistoria: aliona ni vema watu wafe njaa, na kwamba kama angeweza angewazuia hata kupanda, maana hiyo ndiyo njia ya kuwafanya wachoke na vita. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakufa kwa risasi.

Weka sasa majibu matatu ya Powell juu ya kaburi la Songea, uone yanavyofanya kazi. Kwa nini watu wa Ungoni walikufa? Jibu la kwanza, la utapanyaji, tumelisikia mara nyingi: walikufa kwa ujinga wao, waliamini maji yatageuza risasi. Wapo wanaolisema kwa dhihaka, na wapo wanaolisema kwa huruma. Lakini wote hulaumu marehemu. Jibu la pili, la njaa, ni la kweli zaidi, lakini lina hatari ya kuifanya njaa ionekane kama mvua ya mawe, jambo lililoshuka lenyewe. Jibu la tatu ndilo linalogusa mfupa. Hakuna aliyewapa, na zaidi ya hayo, yupo aliyetoa amri kwamba wasipewe.

Huenda msomaji akauliza: je, wanafunzi wale wa seminari waliitaja Maji Maji? Hawakuitaja, wala sidai kwamba ndiyo iliyokuwa akilini mwao. Hoja yangu ni kwamba hakuna aliyefikiri kuwauliza. Kwa Mrusi swali la historia lilikuja lenyewe. Kwa Mtanzania halikuja. Na kasoro hii si ya wageni peke yao. Sisi wenyewe, tangu neno utamadunisho lilipoanza kuvuma makanisani, tumezoea kudhani kwamba utamaduni ni ngoma, kanga, methali, na heshima kwa wahenga. Hayo ni mema, na Kanisa limepata uhai kwayo. Lakini ngoma inaweza kupigwa mbele ya altare kwa miaka hamsini bila mtu kuuliza nini kilitokea mwaka 1906. Utamaduni wa watu ni pamoja na mambo yaliyowapata.

Mambo hayo yalilipata Kanisa pia. Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Peramiho, aliuawa pamoja na wenzake mwezi Agosti 1905 wakiwa safarini. Padre Franziskus Leuthner aliuawa katika vita hivyo hivyo. Na kabla ya Februari 27 Padre Johannes Häfliger aliwabatiza wengi wa waliohukumiwa kunyongwa. Katika muda wa nusu mwaka tu watu wale wale walipokea maji mara mbili: ya Kinjala, ili wasife, na ya ubatizo, kwa kuwa watakufa. Mhubiri anaweza kuisimulia habari hiyo kama kurudi kwa mwana mpotevu nyumbani. Simpingi kuhusu imani ya waliobatizwa. Mungu ndiye anayeijua. Lakini katika mfano baba alimkimbilia mwanawe, akamvika vazi na pete, akamchinjia ndama. Hawa walivikwa kitanzi. Mahubiri yanayounganisha habari hizi mbili bila kuona pengo hilo yamempa mkoloni nafasi ya baba, nafasi ambayo maandiko hayakumpa.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kumbukumbu za mkoa huu si za watu wamoja. Wangoni walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vyao vilipofika huku katikati ya karne ya 19 walivikuta vihenge vya watu wengine. Wandendeuli walitiishwa. Wamatengo walijikusanya milimani, katika nchi ya Mbinga ya leo, wakalima kwa mashimo yao ya ngoro, nao wanasimulia mpaka sasa jinsi walivyowakimbia Wangoni. Mjukuu wa Mmatengo akisoma kwamba hakuna mtu aliyempa kitu, huenda anayemfikiria si Kapteni Richter. Ndiyo maana siridhiki na maneno kama "msomaji wa Kiafrika" au hata "msomaji wa Songea". Katika jumuiya ndogondogo moja wanaweza kukaa benchi moja mjukuu wa aliyenyang'anya, mjukuu wa aliyenyang'anywa, na mjukuu wa wote wawili.

Je, kusoma hivi hakuifanyi Injili kuwa kitabu cha malalamiko? Hatari hiyo ipo, na dawa yake imo katika maandiko yenyewe. Aya ya 16 haiifuti aya ya 13. Kijana alitapanya kweli, naye alikiri. Asingekiri, asingeinuka kwenda nyumbani. Anayeshika aya ya 16 peke yake atakuwa na watu wasio na kosa lolote, na watu wa namna hiyo hawapo, si Ujerumani, si Ungoni. Lakini anayeshika aya ya 13 peke yake, na huyu ndiye ninayemsikia mara nyingi, atawaambia wenye njaa wote kwamba wamejitakia. Mahubiri ya namna hiyo ni mepesi sana katika mkoa kama huu. Ruvuma leo ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Mtu akikosa chakula karibu na maghala yaliyojaa, swali la aya ya 16 lina uzito kuliko popote.

Kuna jambo moja la karibuni linalofaa kuwekwa pembeni mwa mfano huu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, katika Makumbusho ya Maji Maji, akakutana na wajukuu wa walionyongwa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Kwa zaidi ya miaka mia moja mfano wa mwana mpotevu ulihubiriwa huku na watu waliotoka nchi za mbali, na aliyetakiwa kuinuka na kukiri alikuwa daima mwenyeji. Siku ile aliyetoka nchi ya mbali ndiye aliyekiri. Sisemi kwamba ziara moja inafunga hesabu. Zipo familia ambazo bado zinadai fuvu la Nduna Songea, wanaloamini lilipelekwa Ujerumani. Nasema tu kwamba siku ile mfano ulisomwa kwa kugeuzwa, na ukageuka bila kuvunjika.

Basi kwa wale wanaoandika juu ya Biblia na tamaduni, na kwa wanaoitumia habari ya Powell darasani, ningependa kuomba mambo mawili. Wanapotupa mila zetu, watupe na historia yetu, kama walivyowapa Warusi yao. Nasi tunapousoma mfano huu kanisani tuzisome aya zote tatu kwa pauzi moja: alitapanya, njaa iliingia, hakuna aliyempa. Mmarekani atatukumbusha ya kwanza, Mrusi atatukumbusha ya pili. Ya tatu ni dhamana yetu, na hatuwezi kuitunza vema kama tunaona haya kusema tumeijulia wapi.