Wimbo Umo Kinywani mwa Windo

Katika utenzi wa Homer, wimbo wa Masireni, viumbe wanaowavuta mabaharia kwa sauti, una mistari minane tu, nayo haimwahidi shujaa Odysseus mapenzi bali maarifa: wanayajua yote yaliyotokea Troy, na anayewasikiliza ataondoka akiwa mwerevu zaidi. Ustadi umo katika ufupi huo. Tunaonjeshwa, hatushibishwi, na habari ya mifupa iliyorundikana karibu nao tumeipata mapema katika onyo la mchawi Circe, kwa kuwa wimbo wenyewe hauitaji.

Grace Ogot, mwandishi wa Kenya, anaipanga sauti kinyume kabisa katika hadithi yake "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968. Zimwi la ziwani haliimbi, halisemi, wala halionekani hata mara moja. Hofu yake yote imejengwa kwa kimya. Anayeimba ni Oganda, binti wa chifu Labong'o, anayekwenda ziwani kwa miguu yake mwenyewe ili atolewe kafara kwa zimwi hilo na mvua inyeshe. Wimbo wake unarejea njiani, na takriri hiyo ndiyo moyo wa hadithi: maneno ni ya hukumu ya mizimu, lakini pumzi ni yake, hivi kwamba kila unaporejea tunasikia amri ikigeuka kuwa maombolezo bila mwandishi kulazimika kutueleza. Watu wanamzunguka wamsikilize, kisha wanamwacha aendelee. Huu nauita usikilizaji usio na gharama: kwa Homer, anayesikia ndiye anayeangamia, kwa Ogot, anayesikia anabaki salama, na mwimbaji ndiye anayekwenda kufa.

Hata kinga zimepishana. Nta ya Odysseus inaziba masikio ya mabaharia wake. Majani ya bwombwe ambayo Osinda, mpenzi wake, anamfunika nayo Oganda yanamficha machoni pa wahenga. Hatari ya Ogot haiingii kwa sikio, inatoka kwa jicho la wahenga linalolinda agano la kafara, ndiyo maana wokovu unakuja bila wimbo wowote, na mvua inanyesha ilhali kafara haikutolewa. Msomaji wa Maseno, Asembo au Kisumu na aisome safari hiyo kwa sauti, akitua kila wimbo unaporejea.